Fundi wa waifai anayekufuata mpaka Mikindani, nyota 4

Nilishaapa sisifii tena fundi hadharani maana kila nikimsifia mtu wiki inayofuata anazingua, ila huyu kijana wa kibanda cha simu pale Chikongola, Mtwara mjini, acha nimseme, na wewe unayeteseka na laptopu isiyoshika waifai ya nyumbani soma kabla hujaenda kupigwa Windows mpya bila sababu.

Ilikuwa hivi. Tulibadilisha rauta mwezi wa kumi, minada ya korosho ndo imechanganya, na mimi mahesabu ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, huwa namalizia nyumbani usiku. Simu zote za humu ndani zinashika freshi, mama anaangalia mawaidha yake YouTube bila kukwama, laptopu yangu sasa, kimya. Yani sio kwamba inakataa paswedi, HAIIONI kabisa hiyo waifai. Ya jirani naiona, ya gesti ng'ambo ya barabara naiona, ya kwangu iliyopo mita tatu haipo kwenye orodha. Nikazima rauta nikasubiri dakika mbili nikawasha, nikaangalia isije ikawa nimeweka airplane mode (usicheke, ilishanitokea nikahangaika nusu siku), wapi.

Nikaibeba mpaka mjini kwa fundi mmoja, simtaji. Akawasha hotspoti ya simu yake, laptopu ikashika palepale. "Sista hii nzima." Narudi nayo Mikindani, haioni. Kesho yake naipeleka tena, daladala na joto lile, ananiambia basi hiyo Windows imechoka tupige nyingine, 25,000. Nikamuuliza kama imechoka mbona hotspoti yako inaishika, akaguna tu, nikabeba changu.

Huyu wa Chikongola nilipewa namba na shoga angu wa Shangani. Nimeanza tu kumweleza akanikata, "dada angu usiilete, ikifika huku inapona, nakuja mimi." Hapo nikajua huyu ameshakutana nayo. Akasema saa nne, akafika saa nane mchana, na hiyo ndo nyota iliyopotea, maana nilishaomba ruhusa kazini asubuhi nzima.

Ila akishakaa anafanya kazi. Kamwamkia mama, kapewa chai na korosho, mguu juu ya mguu, laptopu mapajani. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (cmd) akaandika netsh wlan show drivers, akanionyesha kwa kucha mstari wa 802.11b, 802.11g, 802.11n, yani aina za waifai ambazo laptopu inazijua, akasoma na jina la kadi yenyewe ya waifai akaliangalia kwenye simu yake. Rauta hizi hurusha waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kadi yangu ya zamani, inasikia 2.4 peke yake. Halafu akachukua simu yangu akaandika 192.168.1.1 kwenye brauza (nyingine huwa 192.168.0.1, geuza rauta chini usome stika), akaingia kwenye setingi za rauta, na jibu likawa hapo mezani: 2.4 imezimwa, inarusha 5 tu. Simu zetu ni za juzijuzi zina zote mbili ndo maana hazikulalamika, na hotspoti ya yule fundi wa mjini ilikuwa ya 2.4 ndo maana kwake ilipona.

Nani kazima? Kijana wa dada yangu alikuja likizo, alisikia 5 ndo yenye spidi. Ni kweli ina spidi, hajadanganywa, ila laptopu isiyo na sikio la 5 utaipigia kelele mpaka Idi.

Akaiwasha 2.4, jina likatokea, nikashangilia mapema. Nabonyeza, inazunguka, inasema haiwezi kuunganisha. Kumbe rauta mpya niliipa jina lilelile la zamani ili nisisumbuke, na laptopu bado imekariri paswedi ya ile ya zamani, inaingia nayo inafukuzwa. Akabonyeza kulia kwenye jina, forget, nikaandika paswedi upya, ikaingia. Sekunde kumi.

Kuna kitu kimoja kilichonifanya nimpende zaidi. Kwenye begi alikuwa na vile vidude vya waifai vya kuchomeka kwenye USB, anauza 30,000, angeniambia nunua ningenunua bila kuuliza. Akasema huna haja nacho, nyumba yenu hii ya mawe na chokaa kuta nene, 5 inakufa ikifika ukutani, 2.4 ndo inapenya penya. Akatoa rauta nyuma ya tivii alipokuwa ameifunika mama na kitambaa cha kufuma, akaipandisha juu ya kabati mlangoni kwa korido, chumbani kwangu vikatoka vijiti viwili vikawa vinne. Mama alinuna kidogo kuhusu kitambaa.

Bei 15,000 na boda yake ya kwenda na kurudi juu yako, mkubaliane kabisa kwenye simu. Lalamiko lingine, aliacha paswedi ya kuingilia setingi za rauta ni ileile admin ya kiwandani, mpaka nilipomuuliza mwenyewe ndo akabadilisha, na ya waifai kaniandikia kwa maka pen juu ya rauta kwa herufi kubwa, watoto wa jirani wanaokuja kuangalia katuni walishaisoma siku ileile. Nimebadilisha juzi.

Ukimpata mwambie aje saa mbili, atafika saa sita. Jikoni bado haifiki vizuri, anasema tuongeze rauta ya pili tuivutie waya, nimemwambia mpaka malipo ya korosho yatoke.