Fomu iliniuliza saizi ya fulana, kifua changu haikukiuliza

Nimelipia miezi mitatu ya mazoezi ya nusu marathoni kwa kundi moja la hapa Mombasa. Jina silitaji, kwa sababu mle ndani mna watu wazuri na sitaki wachafuliwe kwa kosa la mtu mmoja. Bei, siku na saa waulizeni wenyewe, watawajibu upesi, kwa hilo hawana kasoro. Mimi nimekuja kueleza asubuhi moja tu. Majuma kadhaa yamepita na nikiikumbuka mikono bado inatetemeka.

Nina pumu tangu utotoni. Nimekulia Majengo, chumba kimoja, ukuta wa nyuma unaota ukungu kila masika, na usiku mamangu akinikalisha kitandani akinisugua mgongo mpaka kifua kiache kupiga mluzi. Shuleni saa ya michezo nilikuwa mlinzi wa viatu vya wenzangu. Sikuwahi kudhani nitakimbia hata kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba pumu yangu ni mawazo, hajui anagusa nini.

Kilichonibadilisha ni daktari mmoja mtulivu, na uvumilivu. Alinipa inhela mbili na kunieleza kazi ya kila moja. Ya kahawia ni ya kuzuia, navuta asubuhi na jioni hata nikiwa mzima kabisa, kisha nasukutua mdomo kwa maji. Ya bluu, salbutamoli, ni ya kuokoa, na kwangu mimi pia navuta mara mbili robo saa kabla ya kukimbia. Akanipa na kile kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha kwa namba nguvu ya pumzi inayotoka. Kiwango changu kizuri kabisa ni 420. Nikipuliza nikapata asilimia 80 ya hapo au zaidi, yaani kama 340 kwenda juu, nakimbia. Nikiwa chini ya hapo natembea, au nabaki nyumbani na kufuata karatasi aliyoniandikia. Kwa mwaka mzima nimeandika namba hizo kwenye daftari, asubuhi na jioni. Ndiyo iliyonifundisha kwamba adui wangu mkubwa hapa kwetu si joto.

Watu wa Mombasa wenye pumu wakisikia kukimbia, hulalamikia joto. Joto linachosha, ndiyo. Hapa hapa uwanja wa gofu, ubavuni mwa Mama Ngina tunapofanyia mazoezi, ndipo yalipofanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika, Machi 2007, na joto pamoja na unyevu wa siku ile vilimshinda hata Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, akaacha mbio mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Lakini kwa njia za hewa za mwenye pumu, hewa yenye unyevunyevu ni afadhali kuliko ile baridi na kavu. Ukikimbia unavuta hewa nyingi kwa haraka, njia zinakauka, na zikikauka zinajibana. Pwani yetu inanipunguzia hilo. Kinachonitesa mimi ni nyasi zinapochanua baada ya mvua, ukungu wa nyumbani, vumbi la Kaskazi, na moshi. Moshi kuliko vyote.

Mzio nao una msimu wake. Mvua zikikatika, nikipita karibu na nyasi za pale gofu au chini ya mivinje, chafya haziishi na macho yanawasha. Zamani nilikuwa nikiyaacha mafua hayo, nikiona ni kitu kidogo. Daktari alinikatalia. Pua ikiziba unavuta kwa mdomo, na hewa inaingia kifuani bila kuchujwa wala kupashwa moto. Pua isipotibiwa, pumu nayo haitulii. Sasa msimu ukikaribia naanza dawa ya kupuliza puani mapema, na setirizini, tembe ya mzio, usiku. Zile tembe za zamani za mafua niliziacha, zilinifanya nikimbie huku nasinzia.

Sasa nije kwenye lile kundi.

Siku ya kujiandikisha nilijaza fomu kwenye simu. Iliniuliza jina, umri, muda ninaoutaka kumalizia, saizi ya fulana. Saizi ya fulana iliuliza mara mbili, na rangi. Kama nina ugonjwa wowote, haikuuliza. Niliandika mwenyewe pale pa maoni: nina pumu, nina inhela, naomba kocha ajue. Nikajibiwa na alama ya dole gumba. Nikaamini amejua.

Jumamosi ile ilikuwa mbio ndefu. Nilipuliza nyumbani kabla sijatoka, nikapata 400, namba nzuri. Tukaanzia Mama Ngina, tukapita Fort Jesus, tukaenda hadi Daraja la Nyali na kugeuza. Kurudi, pale Buxton, mtu alikuwa amechoma taka kando ya barabara, moshi ule mzito wa plastiki, na matatu mbili zinapandisha zikitoa wa kwao. Nikaziba pua na mtandio nikajaribu kupita haraka. Hatua kama mia hivi, kifua kikaanza kukaza. Anayeujua mkazo huo anaujua. Hewa inaingia kidogo, kutoka haitaki.

Nikasimama, kama nilivyofundishwa. Nikafungua mkoba wa kiunoni nikaitoa ya bluu. Kocha alikuwa akitufuata kwa baiskeli. Akafika, akashuka, na kabla sijaiweka mdomoni akaichukua mkononi mwangu. Akaichukua!

"Weka hiyo kitu mbali," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ukizoea hiyo, mapafu italala. Pumua tu polepole, hiyo ni akili yako inakucheza. Sisi tunafundisha wakimbiaji, si wagonjwa."

Sikuweza kumjibu. Mtu aliyebanwa hana pumzi ya kubishana. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha anirudishie, naye akawa anaendelea na somo, inhela imo kiganjani mwake. Wenzangu wamesimama. Nawaelewa, naye ndiye kocha, lakini hilo pia limeniuma. Ni mama mmoja muuza mahamri upande wa pili aliyeiacha karai yake ikiwa motoni akavuka barabara. "We kijana, mpe mwenzio dawa yake! Wataka afe hapa?" Kocha akanirudishia. Nikavuta mara moja, nikasubiri, nikavuta tena, nikakaa kwenye benchi la yule mama. Alinipepea kwa kawa mpaka rangi ikarudi. Mama yule hakunijua, sikununua kwake hata hamri moja siku ile, na ndiye aliyeniokoa.

Sijui nieleze vipi hasira yangu. Sikuwa natafuta huruma. Nilikuwa na dawa yangu, nilijua kipimo chake, nilijua wakati wake, nilisimama kabla hali haijaharibika. Nilifanya kila jambo sawa. Halafu mtu niliyemlipa ili anifundishe kukimbia akanizuia nisipumue.

Jioni kwenye kundi la WhatsApp akaandika kwamba inhela ni njia ya mkato, kwamba kwenye riadha ya kweli watu hufungiwa kwa vitu kama hivyo. Hapo nikamjibu, mbele ya wote, na nitarudia hapa kwa sababu najua wengi wanaamini kama yeye. Salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu, hadi mikrogramu 1600 kwa saa 24, bila kuzidisha 600 ndani ya saa 8. Mvuto mmoja wa ile yangu ni 100. Fanya hesabu. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 25, rekodi iliyokaa miaka 16 hadi Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago. Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu. Mwaka 2008 alikataa kukimbia marathoni ya Olimpiki kwa kuhofia hewa chafu ya Beijing, na Septemba ya mwaka huo huo akaenda Berlin akaweka rekodi ya dunia, saa 2 dakika 3 na sekunde 59. Aliogopa moshi. Mtu mkubwa kama yule aliogopa moshi, na hakuna aliyemwambia ni akili yake inamcheza.

Na hilo la kuzoea. Inhela ya bluu hailazi mapafu. Ukijikuta unaihitaji kila mara, maana yake pumu yako haijadhibitiwa, na unatakiwa urudi kwa daktari. Huo ndio ukweli wa maneno ya watu. Tangu 2019 miongozo ya GINA, shirika la kimataifa la pumu, inasema mtu mzima asitegemee ya bluu peke yake bila dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Kwa hiyo anayeiacha ya kahawia kwa kuogopa "kuzoea" ndiye anayejitia hatarini. Nina binamu yangu aliyeacha kwa ushauri wa aina hiyo hiyo na akalazwa. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama maneno ya kupita.

Nilipoanza kuandika nilisema nitatoa nyota moja na niondoke. Lakini nikiwa mkweli, siwezi kuishia hapo.

Yule kocha msaidizi, dada mdogo anayesimamia kundi la nyuma, ni hazina. Baada ya siku ile alinipigia, akaniuliza inhela inatumikaje, akataka nimwonyeshe. Sasa anabeba chupa ya plastiki iliyotobolewa kitakoni, mdomo wa inhela unaingia barabara, ili mtu akibanwa sana avutie humo dawa ifike vizuri. Nilimfundisha mimi, naye amewafundisha wenzake wawili. Na ratiba yao ni nzuri. Nilikuja sijawahi kumaliza kilomita 5 bila kusimama, na majuzi nilimaliza 18.

Tena kuna jambo linalonichoma zaidi. Kocha huyu huyu mkubwa ana utaratibu wa kupasha mwili ambao sijaona kwa mwingine. Kabla ya mbio tunakimbia vipande vifupi vifupi, nusu dakika kwa kasi, tunatembea, tena, tena, kama mara nane. Wenzangu wanaona ni usumbufu. Kwa kifua changu ni dawa. Kupasha mwili kwa vipande namna ile kunawasaidia wengi wetu wenye pumu, kifua hakijibani upesi kwa saa moja au mbili zinazofuata. Daktari wangu alifurahi nilipomweleza. Yaani mtu huyu ana mikononi mwake kitu kinachotufaa kuliko makocha wengi, na hakijui, kwa sababu hajawahi kumuuliza hata mmoja wetu. Angeniuliza ningemwambia. Ningemshukuru mbele ya kundi zima.

Basi nikaandika nyota tatu. Nne kama ni msaidizi peke yake.

Wenye pumu mnaotaka kujiunga, nendeni kundi la nyuma kwa yule dada, inhela iwe kiunoni na wenzako wawili wajue iko wapi, na mwombeni njia ya Jumamosi isipite Buxton. Anakubali. Sisi sasa tunazungukia Kizingo, upepo wa bahari unapiga uso mzima na hakuna anayechoma kitu.

Nilikuwa nafunga maandishi haya ujumbe wa kocha ukaingia, wa kwanza tangu siku ile. "Madam, pole kama ulikwazika." Kama! Nimeusoma mara nne. Hakuna neno la inhela, hakuna neno la kuichukua mkononi mwangu. Kama nilikwazika. Nyota mbili nimezifuta. Imebaki moja, na hiyo ni ya yule dada.

Chini ya ujumbe ameweka fomu ya awamu ijayo. Nimeifungua. Saizi ya fulana ipo, rangi ipo. Ugonjwa haupo. Nimejaza jina, nikaandika M, na pale pa maoni nimeandika: nina pumu, inhela yangu asiiguse mtu. Kidole kiko kwenye kitufe cha kutuma na sijabonyeza.