Jagi la Doulton Lambeth la 1883: uzoefu wangu wa kulinunua mnadani

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Nyundo iligongwa kwenye pauni 260. Nyumba ya mnada ikaongeza ada ya mnunuzi, asilimia 25, na juu ya ada hiyo VAT ya asilimia 20. Nikalipa pauni 338. Ukienda mnadani Uingereza, piga hesabu hiyo kabla hujainua mkono, kwa sababu bei inayotangazwa ukumbini siyo utakayolipa kaunta.

Nilichopata ni jagi la udongo mgumu, kimo chake sentimita 22 hivi, lenye ukingo wa fedha mdomoni. Lilitengenezwa Lambeth, kusini mwa mto Thames jijini London. Tumboni wanazunguka farasi wadogo na punda, wamechorwa kwa ncha kali udongo ungali mbichi, kisha mikwaruzo ikajazwa rangi ya kahawia iliyokoza. Mchoraji ni Hannah Barlow.

Kwa wasiomjua: kampuni ya Doulton ilitajirika kwa mabomba ya majitaka. Henry Doulton, kwa kushawishiwa na John Sparkes aliyekuwa mkuu wa Shule ya Sanaa ya Lambeth, akawafungulia wanafunzi wa shule hiyo mlango wa kiwanda, na Barlow akaingia mwaka 1871. Yeye akashika wanyama, dada yake Florence akashika ndege. Kabla muongo ule haujaisha mkono wake wa kulia ulipooza, akajifunza kuchora kwa wa kushoto. Maana yake ni kwamba farasi wangu hawa wa 1883 wamechorwa na mkono wa kushoto. Nimewakagua kwa kioo cha kukuzia nikitafuta mahali mstari ulipotetereka, sijapaona. Punda mmoja tu ndiye mwenye sikio lililopitiwa mara mbili, na kwa kuwa mkwaruzo kwenye udongo haufutiki, sikio la kwanza bado lipo nyuma ya la pili. Mimi huyo punda ndiye aliyeniuzia jagi.

Ngozi ya jagi nayo inahitaji maneno mawili. Ule mng'aro haukupakwa. Joko lilipofika kwenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi, mafundi walirusha chumvi ndani. Sodiamu yake ikaungana na silika iliyomo kwenye udongo, ikafanya tabaka jembamba la kioo. Ukipitisha kidole unakuta vijipele kama ganda la chungwa. Udongo wenyewe umeiva mpaka ndani, kwa hiyo hauvuji: nililijaza maji, nikaliacha juu ya gazeti usiku kucha, asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Niliwahi kutamani majolica za kiwanda cha Minton, vile vyombo vya udongo vya rangi kali vilivyoonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851, lakini rangi zake zilichanganywa na madini ya risasi, na nyingi nilizozishika zilikuwa zimemeguka kingo na kupakwa upya. Hili la chumvi ni gumu zaidi. Uzuri wake haukurukii machoni, hilo nakubali. Mke wangu alipoliona mara ya kwanza aliuliza kama ni la kuwekea mafuta.

Sasa huduma. Nyumba ya mnada, ambayo sitaitaja, iliandika kwenye katalogi kwamba hali ya chombo ni nzuri. Si kweli kabisa. Chini ya kitako kuna pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, halionekani jagi likiwa limesimama. Niliukuta ule mmeguko siku ya kutazama, kwa hiyo nilishaupunguza kwenye bei niliyopanga, ila aliyenunua kwa simu kutoka mbali angeujulia nyumbani. Siku ya kutazama wanakuruhusu kushika, basi shika. Mama hanunui chungu bila kukigonga, nami nililigonga: mlio ukatoka safi, maana yake hakuna ufa. Nikalimulika na tochi ya UV, yaani ya miale ya urujuanimno, kwa kuwa sehemu iliyozibwa na kupakwa upya mara nyingi hung'aa tofauti. Hapakuwa na kitu. Kufungasha hawafungashi, wanakupa namba ya msafirishaji mwenye bei zake. Nikalifunga kwenye sweta nikapanda nalo treni.

Jambo la mwisho: kagua kitako kabla hata ya picha. Langu lina mhuri wa Doulton Lambeth wenye mwaka ndani yake, herufi za Barlow zilizofungamana, BHB, na alama ndogo za wasaidizi waliofanya majani na zile shanga za mpakani. Ukikuta neno England kwenye mhuri, jua hicho chombo ni cha 1891 au baadaye. Kabla ya kutoa pesa nenda kwanza makumbusho ya Victoria and Albert (V&A) jijini London ukaangalie vya kwao, kuingia ni bure. Ukiwa London pita pia Black Prince Road, jengo la Doulton la 1878 bado limesimama, na juu ya mlango kuna mchongo wa udongo wa George Tinworth unaowaonyesha wafinyanzi, Barlow akiwa miongoni mwao.

Natoa nyota nne. Ya tano wameikosa wenye mnada, jagi halina kosa. Ndege wa udongo wa kina Martin, wafinyanzi wa Southall, wale wenye vichwa vinavyofunguka, sitakushauri uanze nao: wakubwa wanauzwa makumi ya maelfu ya pauni. Kama hata pauni 338 ni nyingi, tafuta vyombo vya Lambeth vyenye alama za wasaidizi peke yao. Udongo ni ule ule na chumvi ni ile ile, na nimeviona vikiuzwa chini ya pauni 100.