Kukodi gari-nyumba Frankfurt hadi Granada: bei, maji na karatasi

Gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko, friji, choo na tangi la maji humo humo ndani, mara nyingi limejengwa juu ya chesisi ya Fiat Ducato. Kwa familia ya watu wanne kutoka Unguja au Pemba inayotaka kuiona Granada, mji wa kusini ya Hispania, bila ya mbio, tunaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Kwa watu wawili wenye wiki moja tu, nyota moja: pandeni ndege, mlale hoteli, na pesa zitabaki.

Gari la mita saba hukodishwa kiasi cha euro 90 hadi 150 kwa siku nje ya msimu, na Julai na Agosti linaweza kupita 200. Bei inayoonekana mwanzo siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya matayarisho (gesi, dawa ya choo, usafi), ada ya matandiko na vyombo, na makampuni mengine huweka kikomo cha kilomita 250 au 300 kwa siku. Kulichukua Ujerumani na kuliacha Hispania ama hakukubaliwi, ama hutozwa mamia ya euro, kwa hiyo piga hesabu ya kwenda na kurudi: kama kilomita 2,200 kila upande, dizeli lita 10 hadi 12 kwa kila kilomita 100. Kwa siku 25 inawezekana kwa utulivu. Kwa siku 14 ni kazi ya udereva wa lori.

Amana ya euro 1,000 hadi 2,500 huzuiwa kwenye kadi, na hapa ndipo wengi wetu hukwama. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ilhali kadi nyingi tulizonazo ni za kuchotea akiba zetu wenyewe. Uliza kwa barua pepe kabla hujalipa chochote. Ikiwa jamaa yako wa Ulaya ndiye atakayeweka kadi, jina lake liandikwe kwenye mkataba kama dereva wa kwanza, na lako la pili. Uliza pia umri wa chini wa dereva na miaka ya leseni, na beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siyo lazima ile unayotua. Hesabu usiku mmoja mmoja: ukikaa Ujerumani siku 3, Ufaransa 9 na Hispania 13, ni ubalozi wa Hispania, Dar es Salaam. Mkataba wa gari peke yake ni ushahidi dhaifu wa malazi, kwa hiyo ambatisha na nafasi ulizoweka kwenye kambi.

Sasa gari lenyewe. Lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva hulaza watu sita na watoto hulipenda, lakini mara nyingi hupita mita 3 kwenda juu. Ufaransa, gari lenye kimo cha chini ya mita 3 na uzito usiozidi kilo 3,500 hulipa ushuru wa barabara daraja la 2. Likifika mita 3, daraja la 3, na tofauti inauma. Chukua lile la paa la chini. Mashine ikikusomea daraja la juu kimakosa, usilipe. Bonyeza kitufe cha msaada useme daraja lako. Andika kimo cha gari kwenye karatasi na uibandike mbele ya usukani, maana maegesho mengi ya maduka yana chuma cha mita 2 mlangoni.

Uzito nao watu huusahau. Leseni ya kawaida ya gari dogo Ulaya inaishia kilo 3,500. Gari likiwa na dereva na mafuta tu hukaribia kilo 3,000. Zinabaki 500: abiria watatu, tuseme 200, tangi la maji likijaa, 100, masanduku, chakula, baiskeli, zimekwisha. Polisi hupima barabarani. Dawa yake ni kusafiri na lita 20 za maji na kujaza ukifika.

Kuhusu choo, vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa watu wa karatasi. Kaseti ya choo, yaani lile sanduku la kuvuta linalopokea uchafu, huchukua lita 17 hadi 20, na wanasema itatosha siku tatu kwa watu wanne. Sisi tunaostanji kwa maji tuhesabu siku moja na nusu. Tumia kikopo kidogo, siyo mrija, na taa nyekundu ya kaseti ikiwaka usingoje "mara moja tu", kwa sababu kikijaa juu hata kufungua mfuniko wa kumwagia ni msiba. Udhu wa watu wanne mara tano kwa siku nao hujaza tangi la maji machafu; kwenye kambi tawadheni kwenye mabomba ya kambi. Kaseti humwagwa mahali pake tu, na jiki usitie kabisa, inakula mpira wa kuzibia. Dira ya simu ndani ya gari hudanganya kwa sababu ya chuma. Toka nje hatua kadhaa ndipo utafute kibla.

Umeme wa kambi huja kwa waya wa mita 25 wenye plagi ya buluu. Ukunjue wote, hata kama nguzo iko mita tatu, maana waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto. Kambi nyingi hutoa ampea 6, yaani wati 1,380. Birika la umeme la wati 2,000 litakata umeme papo hapo. Sufuria ya umeme ya wali ya wati 700 inapita vizuri, ilimradi hita imezimwa. Friji ya aina ya gesi inataka gari lisimame sawa. Gari likiinama, kimiminika cha ndani hakizunguki na samaki wako wataharibika, kwa hiyo pandisha matairi juu ya vile vigogo vya plastiki hadi maji kwenye sahani yasiegemee upande. Mitungi ya gesi ya Kijerumani haibadilishwi Ufaransa wala Hispania, vichwa vyake ni tofauti. Ondoka na miwili ya kilo 11 iliyojaa, na iwe propeni, kwani buteni haitoki kwenye baridi ya sifuri.

Jiko ndilo linalorudisha pesa. Ila samli ya Pemba iache nyumbani: nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa uwanja wa ndege. Nazi, ndizi, nanasi na tende huingia bila ya cheti cha mimea. Embe, hapana.

Njia tunayoipendekeza: Frankfurt, Strasbourg, Colmar, Lyon, kisha Clermont-Ferrand na kushuka barabara ya A75, ambayo karibu yote ni bure isipokuwa daraja la Millau, la mwaka 2004, lenye urefu wa kilomita 2.5. Kwa wastani ni kilomita 150 hadi 200 kwa siku. Ufaransa ina vituo vingi vya magari haya, vya miji midogo, ambapo sarafu chache hukupa maji. Hispania, barabara ya AP-7 kutoka La Jonquera hadi Tarragona iliondolewa ushuru Septemba 2021. Huko kusimama na kulala ndani kwa kawaida si kosa, ila ukitoa viti, ukifungua mwavuli wa gari (turubai la ubavuni) au ukishusha miguu ya gari, umepiga kambi, na faini inakuja. Miji mingi ya Ujerumani inataka stika ya kiwango cha moshi kwenye kioo, hakikisha gari linayo; ya Ufaransa uliza kabla. Na kwa sisi tuliozoea kushoto, mzunguko huenda kinyume: jicho kushoto kwanza, na kumbuka mkia wa gari hujitupa nje ukikata kona.

Granada yenyewe, usiingie na gari. Katikati ya mji kuna kamera za kunasa magari yasiyo na ruhusa, na Albaicín, mtaa wa kale, ni vichochoro vya kama Mkunazini, vyenye mlima. Lala nje ya mji, panda basi, kisha basi dogo la C30 hadi Alhambra, ngome na kasri za wafalme wa Kiislamu. Tiketi ina jina na namba ya pasipoti, na saa ya kuingia Kasri za Wanasri (ukoo wa wafalme hao) imechapishwa; ukichelewa huingii. Nunua miezi miwili au mitatu kabla. Ujenzi ulianza 1238 chini ya Muhammad bin al-Ahmar, na mji ukasalimishwa Januari 1492. Aliyepita chuoni atasoma ukutani "wa la ghaliba illa Allah" bila ya mkalimani, mara kwa mara, hadi achoke kuhesabu. Msikiti mkuu mpya, uliofunguliwa 2003, uko pembeni ya uwanja wa San Nicolás, na bustani yake inaitazama Alhambra.

Nyota ya tano tumeinyima kwa sababu ya makabidhiano. Bima nyingi hazilipi michubuko ya paa na mwavuli, na hapo ndipo magari haya huumia. Siku ya kulichukua, piga picha paa, pembe za juu, matairi na mwavuli ukiwa wazi. Siku ya kurudisha, mwaga matangi yote mawili na uisuuze kaseti. Choo kichafu hutozwa ada yake, na hukatwa kwenye amana ile ile.