Vikazio vya Grover na vitufe vya sauti kwenye ES-335 yangu

Nimefunga vikazio vya Grover Rotomatic (vya kukaza nyuzi) kwenye ES-335 yangu, gitaa la umeme la Gibson, na nimeridhika navyo sana. Uwiano wake ni 14:1: kishikio kikizunguka mara 14, mhimili unazunguka mara moja, kwa hiyo uzi unapanda taratibu bila kurukaruka. Ni vizito kidogo, tena vinataka tundu pana kuliko vikazio vya zamani vya Kluson, pima kwanza.

Utamu wenyewe uko kwenye vitufe vya sauti. Weka swichi ya kuchagua pikapu katikati, pikapu zote mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zilie, kisha punguza kidogo tu sauti ya pikapu ya shingoni: besi inapungua, nyuzi nyembamba zinang'aa. Ila ukiishusha hadi sifuri, kwa waya za kawaida, gitaa zima linanyamaza. Mimi huanzia namba 7 ya kitufe. Ikifika solo, napandisha hadi 10.