Korosho Nzuri, Lebo Isiyo na Hesabu: Tathmini ya Duka Moja la Wabanguaji Mtwara

Katika Manispaa ya Mtwara, si mbali na soko kuu, kuna duka la korosho zilizobanguliwa ambalo limejipatia wateja wengi miongoni mwa wasafiri, watumishi wa serikali na wenyeji wanaotafuta zawadi ya kupeleka Dar es Salaam. Jina lake silitaji kwa makusudi, kwa kuwa nitakayoyaeleza yana sifa na lawama pamoja, na mwenye mali hakuwepo ajibu. Nyuma ya duka kuna banda la ubanguaji ambalo mteja akiinua macho analiona kupitia mlango ulio wazi, jambo ambalo si la kawaida kwa maduka ya mjini. Lisilo la kawaida pia ni lebo yake: kwenye kila pakiti, chini ya picha ya bibo jekundu, yameandikwa maneno haya: “Kutoa ni moyo. Sehemu ya faida ya pakiti hii hununua madawati ya shule.” Tathmini hii inahusu korosho na inahusu ahadi hiyo, maana mteja anauziwa vyote viwili kwa bei moja.

Tuanze na kinacholiwa. Duka linauza korosho zisizotiwa kitu, zenye chumvi, zenye pilipili, na vipande vya bei ya chini kwa ajili ya mapishi. Pakiti ya gramu 250 ya korosho nzima ni shilingi 7,000, bei iliyozidi kidogo ile ya vijana wanaotembeza vipakiti stendi, lakini uzito wake ni wa kweli. Niliomba pakiti mbili zipandishwe kwenye mizani ya dukani na zote zilitimia. Kokwa ni nzima, nyeupe kuelekea rangi ya maziwa, na zinalingana ukubwa, dalili kwamba kuna mtu aliyekaa akazichambua kwa subira. Katika biashara ya kimataifa korosho nzima nyeupe hupangwa kwa madaraja, ambapo W240 ni zile ambazo takriban 240 hutimiza ratili moja na W320 ni ndogo zaidi. Duka halikuandika daraja lolote, na kwa jicho langu pakiti ilikuwa na mchanganyiko wa hayo mawili, jambo lisilomdhuru mtu anayetafuna na chai ya jioni.

Zenye chumvi ndizo bora kuliko zote. Chumvi imekolea ndani ya kokwa badala ya kubaki juu na kudondokea kwenye vidole, na korosho yenyewe hukatika mdomoni kwa mlio mkavu, maana yake ilikaushwa vya kutosha baada ya kubanguliwa. Korosho iliyofungwa ikiwa bado na unyevu hulegea upesi na huanza kunuka mafuta yaliyochacha. Hizi nilikaa nazo zaidi ya mwezi kabatini katika joto la Mtwara na hazikubadilika. Vipande navyo vinafaa sana kwa wali na mchuzi wa kuku. Zenye pilipili zilikuwa zimeungua kingoni, na pilipili yake imezidi kiasi cha kuifunika ladha ya korosho.

Sasa lebo. Kwa Mtanzania, dawati limekwisha kuwa alama ya biashara inayojali watu. Mwaka 2016, Rais John Magufuli alipoagiza upungufu wa madawati shuleni umalizwe, benki, kampuni na watu binafsi walijitokeza kuchangia, na picha ya mkurugenzi akikabidhi madawati, au akishika hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, ikawa ya kawaida katika magazeti. Hakuna ubaya katika hilo, kwa kuwa mtoto aliyekaa sakafuni ameinuliwa. Lakini Kusini picha za namna hiyo hutazamwa kwa jicho kali kidogo. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na mwaka 2013 wakazi wengi wa Mtwara walipinga bomba la kuisafirisha kwenda Dar es Salaam, hadi mwezi Mei upinzani huo ukazaa ghasia zilizogharimu maisha na mali. Chini ya yote hayo lilikuwapo swali la kawaida kabisa: mali ikitoka hapa, hapa kunabaki nini? Watu waliolelewa na swali hilo hawaridhiki na neno “sehemu” lisilo na tarakimu.

Kwa wachimbaji, swali hilo limeingizwa kwenye sheria. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na Sheria ya Madini kupitia kifungu cha 105 kama kilivyoandikwa upya mwaka 2017, zinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri husika kuhusu mpango huo. Kwa utaratibu huo, mchimbaji wa madini ya kinywe kule Ruangwa hapaswi kuamka asubuhi akaamua peke yake kwamba kijiji kinataka madawati wakati kilio cha kijiji ni kisima. India, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi za Tanzania, ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zilizofikia kiwango fulani cha ukubwa zitumie kwa ajili ya jamii angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Duka la korosho la Mtwara halibanwi na lolote kati ya hayo. Linachokitoa linakitoa kwa hiari, nami nalipongeza; ila anayeiweka hiari yake kwenye lebo ili imsaidie kuuza amejitwisha deni la kutoa hesabu.

Nilimwuliza binti wa kaunta ni kiasi gani kati ya zile shilingi 7,000 kinachokwenda kwenye madawati. “Baba, hayo ya ofisini mimi siyajui,” alijibu kwa adabu. “Labda umsubiri bosi, yuko Masasi.” Ukutani ipo picha ya makabidhiano iliyofifishwa na jua, yenye watoto waliopangwa mstari, bila jina la shule wala tarehe. Mstari mmoja tu ungetosha kulimaliza suala hili: shilingi ngapi kwa pakiti, madawati mangapi, shule ipi, mwaka gani. Nafasi ya mstari huo kwenye lebo imechukuliwa na methali.

Kilichonivutia zaidi hakimo kwenye lebo kabisa. Kila aliyekulia katika mikoa hii anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mama aliyebangua kwa mikono mitupu miaka mingi hutambulika kwa vidole vilivyobabuka na kuwa vyeusi. Nilipoomba kuingia bandani niliruhusiwa papo hapo, bila mtu kukimbia kwanza kupanga mambo. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na mashine yake ya mkono yenye kanyagio. Korosho zilikuwa zimechemshwa kwa mvuke na kuachwa zipoe, ili ganda lipasuke bila kuivunja kokwa. Wote walikuwa na glovu za mpira. Nilizitazama kwa karibu: zimechakaa zaidi kwenye kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo korosho hushikwa kabla ya kisu kushuka, na hiyo ni alama ya glovu zinazovaliwa kila siku, maana za kuvaliwa wakati wa mgeni huwa safi. Kando ya mlango palikuwa na boksi la glovu mpya, na kisahani cha mafuta ya nyonyo kwa wanaopenda kujipaka kabla ya kuzivaa.

Malipo ni kwa kilo ya kokwa. Kokwa hupimwa mbele ya mbanguaji mwenyewe, uzito huandikwa kwenye daftari, na yeye huweka sahihi au dole gumba. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akimenya ngozi ya ndani huku akizungumza bila kuinua kichwa, alinieleza tofauti aliyoiona: “Mwanangu, kwingine tulikuwa tunaambiwa njoo kesho, njoo kesho. Hapa Jumamosi hela yangu naiona.” Kwa maoni yangu huo ndio wajibu kwa jamii ulio mzito kuliko wote katika biashara hii, nao hauna picha ukutani.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, alitoa hoja iliyopata umaarufu kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake huku ikifuata kanuni za mchezo. Pengine angeyakataa madawati, akisema bosi anatoa sadaka kwa fedha za wenye hisa. Glovu asingeweza kuzikataa. Mkono usioliogopa ganda hutoa kokwa nzima nyingi zaidi, na kokwa nzima ndiyo yenye bei. Ulinganifu niliousifu kwenye pakiti unaanzia kwenye benchi lile.

Jambo la pili lisilotangazwa ni mahali korosho ghafi zinakotoka. Asiyewahi kuishi huku huenda halijui neno kangomba. Ni biashara ya mtu anayezunguka vijijini miezi ya njaa kabla ya msimu, akampa mkulima fedha kidogo au chakula, kisha msimu ukifika akachukua korosho kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei iliyo chini mno ya thamani yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kuikata mizizi hiyo: mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, AMCOS, mzigo hupelekwa ghala kuu, na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU huuza kwa mnada. Mfumo wenyewe umelalamikiwa kwa makato na malipo kuchelewa, na wakulima wana haki ya kulalamika, lakini bei yake hujulikana hadharani. Msimamizi wa duka alinionyesha nyaraka za manunuzi ya mnada kabla sijamaliza swali.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo linalokosekana katika hafla nyingi za kukabidhi vifaa. Mfanyabiashara wa kangomba anaweza kutoa madawati mia moja na wanafunzi wakamwimbia, ilhali wazazi wa wanafunzi haohao ndio aliowapunja kwa kipimo chake. Dawati lake litakuwa limenunuliwa kwa korosho za baba wa mtoto anayelikalia.

Duka lina kasoro mbili ambazo madawati hayawezi kuzifuta. Ya kwanza ni moshi. Maganda huchomwa kuchemshia maji ya mvuke, na bomba la kutolea moshi linaishia chini ya usawa wa paa la nyumba ya jirani. Moshi wa maganda ya korosho unawasha macho na koo, kwa sababu ya mafuta yaleyale yanayounguza vidole. Upepo ukivuma kutoka baharini unaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya watu. Mafuta hayo yakikamuliwa yana soko, hutumika kutengenezea rangi na breki za magari, ingawa mashine ya kuyakamua si ya uwezo wa banda dogo. Kurefusha bomba ni kazi ya fundi mmoja na vipande vichache vya bati, na fedha yake haizidi ya hafla moja ya makabidhiano yenye turubai, maji ya chupa na mpiga picha.

Ya pili ni ajira. Wabanguaji wote ni vibarua. Nilipouliza kuhusu mikataba, michango ya NSSF na ile ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo humlinda anayeumia kazini na ambayo mwajiri ndiye anayeilipa, nilijibiwa kwamba “linafanyiwa kazi”. Jibu hilo kila Mtanzania analifahamu uzito wake. Akiba ya korosho ghafi ikiisha, kazi husimama mpaka msimu ujao unaofunguliwa karibu na Oktoba, na katika miezi hiyo mama yule anarudi shambani akiwa na glovu zake tu. Michango hiyo ipo kisheria, kwa hiyo ingetangulia hiari yoyote ile.

Huduma ya kaunta ni ya upole na ya haraka, na risiti ya EFD hutolewa bila kudaiwa, jambo ambalo katika maduka ya zawadi bado si la uhakika. Kwa ubora wa korosho ninalipatia duka hili alama nne kati ya tano, nikipunguza moja kwa ajili ya zile za pilipili. Kwa namna linavyonunua na linavyolipa kwa wakati ninalipatia nne pia. Kwa lebo ninalipatia mbili, nami nitaongeza siku nitakapoona tarakimu.

Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumapili. Anayetaka kuliona banda aende kabla ya adhuhuri siku ya kazi, wakati mashine zote zinatumika. Anayesafiri aombe pakiti zake zifungwe kwenye boksi, kwa sababu mfuko wa karatasi wanaoutoa huchanika ukizidi kilo mbili.