The George, Stamford: stendi ya magari ya farasi

Kabla sijahamia Peterborough, Uingereza, nilikuwa kondakta wa basi la Dar–Arusha kwa miaka sita. Kwa hiyo mke wangu aliponipeleka The George, hoteli ya zamani ya mji jirani wa Stamford, kunywa chai, yeye alitazama maua ya uani, mimi macho yakabaki mlangoni.

Ukiingia tu, unaona mlango umeandikwa London na mwingine York. Ndiko abiria walikosubiri, wa kusini huku, wa kaskazini kule. Nilijiona nimerudi Ubungo! Hii ilikuwa barabara kuu ya London kwenda Edinburgh, na enzi zake magari 40 ya farasi yalipita hapa kwa siku, 20 yakienda na 20 yakirudi.

Sisi tulijaza dizeli, wao walibadilisha farasi. Wale waliochoka wanafunguliwa, waliopumzika wanafungwa, safari inaendelea. Gari la barua lilikuwa na mlinzi aliyepiga baragumu kabla ya kufika, ili watu wa zizini watoke na farasi tayari. Nikamwambia mke wangu, huyo ndiye kondakta wao: anachunga saa, mifuko ya barua iko mikononi mwake, na bunduki anayo. Abiria nao walikula roho juu, kama wetu pale Korogwe wakisikia honi huku wali ungali wa moto.

Jengo ni la mawe, na sehemu yake kuu aliijenga Lord Burghley, waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwaka 1597. Nje kuna boriti iliyovuka barabara kutoka upande hadi upande, ikiwa na jina la hoteli. Umbo lake ni la mti wa kunyongea, na wenyeji husema lilikuwa onyo kwa majambazi wa njiani.

Ndani kuna picha ya Daniel Lambert, aliyefia mji huu mwaka 1809 akiwa na zaidi ya kilo 330. Kondakta nikawaza kwanza: huyu alikaa siti gani? Kumbe alipokwenda London alitengenezewa gari lake.

Chai tulinywea uani, penye sakafu ya mawe. Ukitaka mlo kamili, nyama ya ng'ombe ya kuoka wanakukatia mbele yako kutoka kwenye toroli. Jipange, si bei ya hoteli za stendi. Mimi nitarudi, na nitalipa kwa moyo mmoja.

Reli ilipofika miaka ya 1840, magari ya farasi yakatoweka, lakini nyumba ikabaki. Shemeji yangu anauza korosho stendi ya Msamvu, Morogoro, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 hana raha. Nilimtumia picha ya ile milango miwili. Akauliza jambo moja tu: waliokuwa wakiwauzia abiria chakula walikwenda wapi?