Kiegemeo cha Kichwa cha Kukunjwa: Miezi Minne ya Kukijaribu kwenye Viti vya Safari

Kiegemeo ninachokihakiki hapa ni cha aina ile inayofungwa kwa mikanda kwenye mgongo wa kiti. Kina ubao mmoja wa nyuma na mbawa mbili za pembeni zinazofungika kuelekea ndani kama kitabu, nacho huuzwa kwa ahadi kwamba abiria ataweza kulala akiwa ameketi bila kichwa kumwangukia begani au kifuani. Nimekitumia kwa miezi minne kwenye mabasi ya usiku, kwenye treni, kwenye ndege za safari fupi na ndefu, na kwenye kiti cha abiria cha gari dogo. Jina la kampuni iliyokitengeneza sitalitaja, kwa kuwa miundo ya namna hii ipo mingi na inafanana, na ninachokusudia ni kueleza mahali ambapo muundo wenyewe hufaulu na mahali unapokwama.

Kwanza inafaa kuelewa kazi tunayokitaka kifaa hiki kiifanye. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5, kimesimama juu ya pingili saba za shingo, na kinachokizuia kisianguke mchana kutwa ni misuli, ambayo hufanya kazi bila sisi kuitambua. Usingizi unapoingia misuli hiyo hulegea hatua kwa hatua, na mtu anapofika kwenye usingizi wa ndoto hulegea karibu kabisa. Ndiyo maana abiria huweza kusinzia vizuri kwa muda, kisha akagutuka kwa sababu kidevu kimegonga kifua au shingo imepinda upande kama tawi lililovunjika. Mto wa shingo wenye umbo la kwato ya farasi, ambao wengi wetu tunao nyumbani, hautatui jambo hili ipasavyo: nyuma ni mnene kiasi cha kukisukuma kichwa mbele, mbele uko wazi mahali pale pale kidevu kinapoangukia, na uzito wote unaoupokea huurudisha mabegani mwa mtu huyo huyo aliyechoka. Kiegemeo cha kufungwa kitini kina wazo bora zaidi, kwa kuwa kinauhamisha uzito wa kichwa kutoka mwilini na kuukabidhi kwa kiti. Kwa wazo hilo pekee nilikuwa tayari kukipenda kabla sijakifungua.

Kilipofika nilikipima. Kikikunjwa kina urefu wa sentimita 27, upana wa 18 na unene wa 6, na uzito wake ni gramu 640. Mifupa yake ni ya bomba jembamba la alumini, ubao wa nyuma ni wa plastiki ngumu, na juu yake pametandikwa sponji ya kukumbuka umbo, ile inayobonyea polepole na kurudi polepole. Sponji ya aina hii ilibuniwa mwaka 1966 na mhandisi Charles Yost katika mradi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, uliohusu viti vya ndege, kwa hiyo kuiona hapa ni kama kumwona mtu amerudi kwao. Ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi, nayo ni kwamba hukakamaa kwenye baridi. Katika basi ambalo kiyoyozi kilikuwa kimefunguliwa kupita kiasi, dakika kumi za mwanzo nilihisi nimeweka shavu kwenye ubao, hadi joto la uso wangu lilipoilainisha. Foronya yake inavuliwa kwa zipu na kufuliwa, jambo ambalo ni la lazima kwa kitu kinachokutana na jasho, mafuta ya nywele na mate ya mtu aliyelala.

Sasa nifike kwenye bawaba, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kifaa chenyewe. Vingine vyote ni mapambo yake. Kitu chochote cha kukunjwa kina sharti gumu la kukunjika kirahisi mkono unapotaka na kukataa kabisa kukunjika kinapobebeshwa mzigo. Wabunifu wa viegemeo hivi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni bawaba ya meno, inayojifunga hatua kwa hatua na kulia ta-ta-ta inapopandishwa. Hiyo haiteleziki, lakini ukitaka pembe iliyo kati ya jino na jino huipati, na mlio wake ukiwa karibu na sikio ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani dukani, kwa sababu sauti hupita kwenye mfupa wa fuvu moja kwa moja. Ya pili ni bawaba ya msuguano, ambamo bamba mbili hubanwa pamoja kwa skrubu na kushikana zenyewe. Hiyo ni kimya, hukaa pembe yoyote, na hupendeza sana siku ya kwanza. Kiegemeo changu kimetumia hii ya pili.

Hesabu yake si ngumu. Ikiwa kilo 5 zitauelemea ubawa sentimita 10 kutoka kwenye bawaba, bawaba hiyo inatakiwa kuhimili nguvu ya kuzungusha ya takriban niutoni-mita 5, na hiyo ni hali ya utulivu, kabla gari halijatikisika. Nilitaka kuona kwa macho, hivyo siku niliyokipokea niliubana ubao wa nyuma kwenye ubavu wa meza, ubawa mmoja ukatokeza nje sambamba na sakafu, nikatundika kidumu cha lita 5 kilichojaa maji sentimita 10 kutoka kwenye bawaba. Niliweka alama ya penseli ukutani kwenye ncha ya ubawa, nikaenda kulala. Asubuhi ncha ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili. Nikaridhika, kwa sababu jaribio hilo ni kali kuliko hali halisi: kichwa kilichoinama kidogo hukiachia kiegemeo sehemu tu ya uzito wake, na nyingine hubaki shingoni.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu wa kukitumia nililirudia jaribio lile lile, kidumu kile kile na alama ile ile. Ubawa uliteremka taratibu mbele ya macho yangu, na baada ya dakika arobaini ulikuwa umening'inia ukiangalia sakafu. Safarini nilikuwa nimeshaanza kuhisi jambo hilo bila kulielewa. Nilikuwa nikilala nikiwa nimeegemea kulia vizuri, kisha naamka bega la jirani likiwa limegeuka kuwa mto wangu, nami nikidhani nimejigeuza mwenyewe usingizini. Kumbe bamba za msuguano husuguana mpaka zikang'aa, na mtetemo wa chombo hulegeza skrubu inayozibana. Dawa yake ni kuikaza skrubu robo mzunguko. Lakini mtengenezaji ameificha skrubu hiyo chini ya kifuniko cha plastiki kilichobandikwa kwa gundi, na maelezo ya matumizi hayaitaji hata kwa neno moja. Nilikibandua kifuniko kwa ncha ya kisu, nikakaza, nikaweka tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, na tangu hapo ubawa umetulia. Linalonikera ni kwamba kitu kinachojulikana wazi kuwa kitachakaa kimewekwa mahali ambapo mwenye mali hawezi kukifikia bila kukiharibu.

Mikanda nayo ina hadithi yake. Ipo miwili, mmoja unazunguka mgongo wa kiti na mwingine unapita juu yake, na yote hukazwa kwa kifungo cha kubana. Kwenye kiti cha kitambaa hushika vizuri. Kwenye kiti kilichowambwa ngozi au plastiki, kiegemeo chote huteleza chini kidogo kidogo, na ndani ya saa moja mbawa zinakuwa zimefika mabegani. Utepe wa mpira wa silikoni ulioshonwa upande wa ndani wa mkanda ungeondoa tatizo hili, na usingeongeza hata gramu kumi. Nilishona wangu mwenyewe kwa sindano ya mkono, ukafanya kazi.

Kuna pia suala la anayekaa nyuma yako, ambalo wabunifu wanaonekana kulisahau kabisa kwa kuwa katika picha za matangazo kiti huwa peke yake. Katika safari moja ya usiku niliguswa bega na mama mmoja wa makamo aliyeniambia kwa upole, "Samahani mwanangu, huo mkanda wako umeifunga meza yangu." Niligeuka nikaona kweli: mkanda wa kuzunguka ulikuwa umepita juu ya meza yake ya kukunja, na alikuwa ameshika chupa ya maji mkononi muda wote akiona haya kuniamsha. Nikamwomba radhi, nikaupandisha mkanda. Kwenye ndege, ambako nafasi kati ya safu moja ya viti na nyingine katika daraja la kawaida huwa takriban sentimita 71 hadi 81, mkanda huo unaweza kufunika meza, skrini au mfuko wa majarida wa mtu mwingine. Magomvi ya viti si jambo la mzaha. Mwaka 2014 ndege iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver nchini Marekani ililazimika kutua Chicago baada ya abiria wawili kuzozana juu ya kidude cha plastiki kilichokuwa kimewekwa ili kiti cha mbele kisiweze kulala. Muundo wa kiegemeo unaostahili kusifiwa ungeshika sehemu ya juu ya kiti pekee na kumwachia wa nyuma eneo lake lote. Kwa kuwa baadhi ya mashirika ya ndege hayataki kitu chochote kifungwe kwenye kiti, ni busara kumwuliza mhudumu kabla ya kukifunga, na kukiondoa wakati wa kupaa na kutua hata kama hakuna aliyekwambia.

Kwenye gari dogo ninakuwa mkali zaidi. Viegemeo vinavyokuja na gari havikuwekwa kwa ajili ya usingizi. Nchini Marekani vililazimishwa kisheria kwenye viti vya mbele vya magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1969, na kazi yake ni kuzuia kichwa kisirushwe nyuma gari linapogongwa kwa nyuma. Ukiongeza ubao mnene mbele ya kiegemeo hicho unaibadilisha nafasi ya kichwa, na ukiweka mbawa za alumini pembeni mwa fuvu unaweka kitu kigumu mahali ambapo mfuko wa hewa wa pembeni, ule wa kumkinga abiria gari linapogongwa, hufunguka katika baadhi ya magari. Dereva asikitumie kabisa. Abiria wa mbele naye, kwa maoni yangu, afadhali alaze kiti kidogo na kuachana nacho.

Kuanguka kwa kichwa kuelekea mbele bado hakujatatuliwa. Mbawa huzuia pande mbili, lakini ukiketi wima kabisa kidevu kitateremka kifuani kama kawaida. Miundo mingine huongeza utepe wa kufunga paji la uso, nami niliujaribu mmoja kwa rafiki yangu; ulinifanya nijione kama mgonjwa anayesubiri kupigwa picha ya eksirei, na kichwa kilipolegea utepe ulipanda hadi kwenye nywele. Kinachosaidia ni kulaza kiti, hata kwa kiasi kidogo tu, ili uzito uende nyuma na pembeni. Kwenye viti visivyolala kabisa, kama vile vya safu ya mwisho ya mabasi mengi, kiegemeo hiki hakina faida ya kukufanya ukibebe.

Kukunja na kukunjua hakuna la kulalamikia. Mbawa huingia ndani, mikanda huviringishwa nyuma, na kwa mazoezi kidogo kazi yote huchukua chini ya nusu dakika, hata gizani. Mara moja tu nilibanwa ngozi ya kidole kwenye pembe ya bawaba.

Kwa anayesafiri usiku mara kwa mara kwenye viti vya kitambaa vinavyoweza kulala, na ambaye hachelei kushika bisibisi, ningemshauri akinunue, kwa sharti kwamba akishike mkononi kwanza na kuulemea ubawa kwa kiganja kwa dakika nzima, badala ya kubonyeza sponji kama tunavyofanya sote. Akitazame pia kama skrubu ya bawaba inaonekana. Anayesafiri mara moja kwa mwaka abaki na mto wake wa kwato ya farasi, augeuze uwazi wake uwe nyuma ili unene ukae chini ya kidevu. Changu kiko tayari kwa safari ya wiki ijayo, kikiwa na utepe wa silikoni nilioushona mwenyewe na kovu la kisu mahali kilipokuwa kifuniko, na kwenye mfuko wake wa pembeni nimeweka bisibisi ndogo.